Sungura wa watoto hapa Malindi: anunuliwe wapi?

Ukindu
Salaam aleikum waungwana. Tunatafuta sungura wawili wa kufuga nyumbani, si wa kitoweo. Nyumba iko Muyeye, ua una mwembe wenye kivuli, watoto wana miaka 7 na 10. Njia zilizopo ni nne: wauza kuku sokoni, wafugaji wa nyama upande wa Ganda na Kakuyuni, tangazo la mtandaoni la mtu wa bara anayetuma kwa basi, na jirani ambaye sungura wamemzidi. Tatizo ni kutambua mzima na mgonjwa. Tuanzie wapi?

Upepo wa Kusi
Wa aleikum salaam. Anzia kwa jirani. Ukikosa, nenda Ganda. Soko liwe la mwisho kabisa, na hilo basi la bara liache mpaka miezi ya kusi.

Sababu ya kuanzia kwa jirani si urahisi wa bei. Ni kwamba pale unamwona mama. Meno yaliyopinda huzaliwa nayo mtu, na kwa sungura ni vivyo hivyo. Mama mwenye meno mabovu atakupa watoto wa aina hiyo hata wakionekana wazuri leo. Mama mwenye mafua sugu huwaambukiza watoto wangali kwenye kiota. Tena jirani anaijua tarehe waliyozaliwa, anajua wanakula nini, na mtoto wa sungura aliyezaliwa Muyeye ameshazoea joto la Muyeye.

Sokoni hali ni nyingine. Tenga moja lina sungura wa nyumba nne au tano, juu yake tenga la kuku, chini bata. Kinyesi kinadondokeana. Vijidudu vya koksidia vinapita kwa kinyesi, mafua yanapita kwa pumzi na kamasi, utitiri unatambaa wenyewe. Muuzaji hana kosa lake la makusudi, lakini hawezi kukwambia huyu katoka wapi. Na ugonjwa wenyewe hauonekani siku ileile. Mnyama amehamishwa, amekosa maji mchana kutwa, chakula kimebadilishwa; siku 4 hadi 10 baadaye ndipo tumbo linafunguka. Unamnunua Jumamosi akirukaruka, Alhamisi anaharisha.

Swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni umri. Wiki 8 ndiyo sawa, 6 ndiyo mwisho wa kushuka. Wenye haraka huuza wa wiki 4 kwa sababu ndio wazuri wa kutazama, wadogo kama mpira wa sufu. Huyo tumbo lake bado ni la maziwa. Asidi ya tumboni haijatosha kuua vijidudu vinavyoingia na majani, na akiachishwa ziwa ghafla hufa kwa kuharisha. Usimsikilize anayesema "anakula mwenyewe". Hata wa siku 20 huchezea majani.

Kama tarehe haijulikani, chukua mizani ya jikoni. New Zealand White, ile mbegu nyeupe ya nyama, aliyelishwa vizuri huwa na kilo 1.5 au zaidi akiwa wiki 8. Chotara wetu wa kawaida huwa karibu kilo moja. Ukikuta gramu 500 na unaambiwa miezi miwili, basi ama umri ni wa uongo au mnyama ana minyoo ama koksidia. Yote mawili ni sababu ya kuondoka.

Kichwa cha Tenga
Naongeza ukaguzi wa mkono. Dakika kumi zinatosha, na ufanywe asubuhi kabla ya jua kukaza.

Kwanza usimshike. Simama mbali kidogo, tazama. Mzima anakaa amejikusanya, masikio yanageukageuka, pua inacheza. Mgonjwa anajikunyata pembeni, macho nusu, anasaga meno kwa sauti. Hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kati ya 30 na 60 ni kawaida. Kukiwa na joto sana itapanda, lakini mdomo haupaswi kufunguka kabisa. Sungura hupumua kwa pua. Akifungua mdomo, amefika pabaya.

Kisha mguu wa mbele, upande wa ndani. Hapa ndipo muuzaji mjanja hukamatwa. Pua anaweza kuifuta kwa kitambaa dakika mbili kabla hujafika, lakini sungura mwenye mafua hujipangusa kwa miguu ya mbele kutwa nzima, na manyoya ya hapo yanagandamana, yanakuwa magumu kama yametiwa uji. Ukikuta hivyo, acha. Mafua ya Pasteurella, bakteria wa sungura, hutulizwa kwa dawa, aghalabu hayaishi.

Masikio: chungulia mpaka ndani. Magamba ya rangi ya kahawa yaliyopangana kama maganda ya mkate ni utitiri. Huo unatibika, kwa hiyo si lazima umkatae, ila dai bei ishuke na ujue una wiki mbili za kazi.

Meno: nyanyua mdomo wa juu kwa vidole viwili. Ya juu yakae mbele kidogo ya yale ya chini. Yakikutana ncha kwa ncha, au ya chini yakitokeza mbele, usichukue. Meno hayo hukua takriban milimita 2 kila wiki maisha yake yote, na yasiposagana utakuwa unayakatisha kila mwezi. Yasikatwe kwa kikata kucha; jino hupasuka hadi kwenye mzizi na usaha unaingia tayani.

Tumbo na mgongo: pitisha kidole juu ya uti wa mgongo. Ukiusikia mkali kama msumeno huku tumbo limejaa, hiyo ni koksidia au minyoo. Nyuma pawe pakavu na safi. Kinyesi kizuri ni tembe kavu za mviringo, ukubwa wa mbaazi. Ukikuta pia kishada cha tembe laini nyeusi zinazong'aa, usishtuke, hicho ni chakula chake cha usiku, hukila tena moja kwa moja kutoka nyuma.

Nyayo za miguu ya nyuma: manyoya yawe yamejaa. Upara mwekundu au kidonda maana yake kakaa juu ya waya mtupu. Mwisho pua, midomo na sehemu za siri. Ukoko wa njano usoni na sehemu za siri kwa pamoja huenda ni kaswende ya sungura. Haiambukizi watu lakini wawili wako wataambukizana.

Ukindu
Allah awazidishie. Yule wa bara anauza Flemish Giant na picha zake zinavutia mno, masikio kama majani ya mgomba. Mbona mnamkataa bila kumwona?

Upepo wa Kusi
Hatumkatai yeye, tunakataa mwezi. Sungura hatoki jasho. Joto hulitoa kwa masikio na kwa pumzi tu. Raha yake iko kati ya nyuzi 15 na 21, na kuanzia 28 hivi anaanza kuteseka. Malindi, Februari hadi Aprili mwanzoni, mchana ni 31 na kuendelea, na usiku haupoi kama kule Limuru. Sasa chukua mnyama wa zaidi ya kilo 6, mwenye manyoya mazito, umtoe kwenye baridi ya milimani, umpakie kwenye basi la usiku kucha, umteremshe stendi ya Malindi saa tano ya asubuhi mwezi wa Machi. Hapana.

Kwa pwani tafuta wa kilo 2 hadi 3.5, manyoya mafupi, masikio marefu yaliyosimama. Chotara wa New Zealand au wa Californian wanafaa. Wenye sufu ndefu waachie watu wa Nyandarua.

Banda la Barani
Naomba kupinga kidogo. Mfugaji wa bara mwenye kumbukumbu nzuri ni bora kuliko jirani asiyejua dume lipi limepanda jike lipi. Kwa majirani wengi dume ni yuleyule baba, babu na mjomba. Ukoo ukirudiarudia unapata watoto wadhaifu na hayo meno mliyoyataja. Mfugaji wa maana ana kadi kwenye kila kizimba: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa wangapi, waliofika kuachishwa ziwa wangapi. Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo ya kuulizia. Waliozaliwa 8 wakafika 7, hapo pana mtu. Waliozaliwa 8 wakafika 3, kuna kitu ndani ya banda lile hata kama hao watatu wanang'aa.

Upepo wa Kusi
Kwenye kadi nakubali. Ila wa Ganda na Kakuyuni wenye kadi wapo, na wale wa nyama ndio huandika sana kwa kuwa hesabu ni faida yao. Kama ni lazima wa bara, basi iwe Juni hadi Agosti, kusi likivuma, na safari iwe ya usiku.

Tena jambo moja kwa mfugaji wa nyama: mwambie wazi unataka wa kufuga. La sivyo atakuchagulia mzito zaidi. Wewe mwambie akufungulie kizimba, tia mkono uutulize sakafuni, ngoja dakika mbili. Anayekuja kunusa ndiye wako. Anayegonga sakafu kwa mguu na kukimbilia kona atachukua miezi kuzoea watoto.

Ngalawa Nyeupe
Ukindu, wawili gani? Dume na jike? Fikiri kabla hujalipa.

Mimba ni siku 31, kuzidi au kupungua moja. Jike anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Wa kilo 3 huwa tayari akiwa na miezi minne au mitano, wadogo mapema zaidi. Piga hesabu mwenyewe, ua wote utakuwa masikio.

Madume wawili wakishakomaa hupigana, na hulengana sehemu za uzazi, hupasuana. Wasiohasiwa hawakai pamoja. Kinachofaa ni majike wawili wa tumbo moja waliokua pamoja. Nao pia huenda wakagombana wakikomaa, lakini ni nadra kuumizana kama nafasi ipo.

Kutambua jinsia: kabla ya wiki 8 hata wazoefu hukosea, ndiyo maana nyingine ya kungoja umri huo. Keti chini, mlaze chali mapajani, kichwa kikielekea tumboni kwako. Kwa kidole gumba bonyeza taratibu juu ya sehemu ya siri mpaka ichomoze. Ikichomoza mviringo kama kijibomba chenye tundu kwenye ncha, dume. Ikiwa na mpasuo mrefu unaoteremka kuelekea njia ya haja kubwa, jike. Rudia ukaguzi wiki ya 12, maana hapo kokwa za dume zimeshashuka, ziko mbele, kila upande moja, bila manyoya. Watenganishe siku hiyohiyo ukigundua umeuziwa mchanganyiko.

Usimwinue kwa masikio. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unashika matako. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya mapaja ina nguvu. Teke moja la hewani linaweza kuvunja uti wa mgongo. Kwa mtoto wa miaka 7, sheria ni kuketi sakafuni kwanza, ndipo sungura aletwe mapajani.

Mchanga wa Marafa
Kuna njia ya tano ambayo Ukindu hakuitaja na vijana wa barabarani wataileta mlangoni: kitoto cha sungura wa porini. Msinunue. Kenya wanyama wa porini wako chini ya sheria ya mwaka 2013, kumweka bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kosa. Na hafugiki. Anaishi kwa hofu, hakubali maziwa, hufa ndani ya siku chache.

Kumjua ni rahisi: wa porini huzaliwa na manyoya na macho wazi, wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, macho hufunguka karibu siku ya 10. Kwa hiyo ukiletewa kitoto cha ukubwa wa ngumi, kimefunikwa na manyoya ya kijivu-udongo, kina miguu mirefu ya nyuma na ncha nyeusi za masikio, hicho si cha banda la mtu.

Vivyo hivyo ukiletewa sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye kiuno cha dhahabu kutoka Arabuko-Sokoke. Yule ni mnyama wa msitu ule na vipande vichache vya karibu nao, yuko hatarini kutoweka, chakula chake ni wadudu. Kumwita "sungura mdogo" ni kutafuta mteja tu.

Ukindu
Huyo sange tumeshatajiwa kwa jina hilo, kumbe ndivyo. Banda je, tununue la waya kutoka Mombasa au tufundie hapa?

Banda la Barani
Fundia hapa, na liwe tayari kabla sungura hajafika. Waya wa dukani kwa chumvi ya bahari yetu unashika kutu upesi, hasa mkojo ukichanganyika nao, na kutu inakata nyayo. Fremu ya mbao, sakafu ya fito za mianzi zilizolainishwa kwa msasa, nafasi ya sentimita 1.2 kati ya fito na fito. Ikipungua kinyesi kinakwama, ikizidi mguu unanasa. Wavu wa nusu inchi uwe wa kuta tu. Kwa wawili, urefu usipungue sentimita 150, upana 60, kimo 60, na kila siku watolewe uani saa kadhaa. Weka kipande cha ubao cha kulalia.

Paa la makuti. Bati jua la saa saba linageuza banda kuwa tanuri. Mlango uelekee upepo unakotoka, lakini mvua ya masika isipige ndani. Miguu ya banda iwe mita moja kutoka chini, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, siafu wasipande. Na komeo liwe la chuma, si kamba. Paka wa mji huu tunawajua.

Kichwa cha Tenga
Safari ya kumleta. Ganda hadi Muyeye si mbali, lakini boda saa sita mchana inatosha kuua. Toka alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa mbili. Tumia kikapu cha ukindu chenye mfuniko au kreti ya mbao, chini gunia kavu na nyasi. Boksi la karatasi likilowa mkojo linafunguka njiani. Buti ya gari hapana, mfuko wa nailoni hapana kabisa. Wawili wakae pamoja, wanatulizana.

Kabla hujaondoka nunua kwa muuzaji kilo 2 za chakula kilekile anachowapa. Hili ndilo watu hulisahau. Siku 3 za mwanzo wape hicho hicho. Kisha robo kipya na robo tatu cha zamani kwa siku 2, nusu kwa nusu siku 2, robo tatu kipya siku 2. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyake. Ukibadilisha ghafla, wazuri wanakufa na wabaya wanatawala.

Nyasi ndiyo chakula, peleti, yaani chakula cha vidonge cha dukani, ni nyongeza. Majani makavu ya Boma Rhodes kutoka agroveti yawepo saa zote, au ukoka uliokatwa jana na kunyauka kivulini. Usikate kando ya barabara wala pale mbwa wanapolala. Peleti gramu 25 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Usinunue gunia zima kwa kuokoa pesa, unyevunyevu wa hapa unaozesha. Kilo 3 kwa mpigo, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Peleti ikinuka ukungu au ikishikana vibonge, tupa, usiwape hata kuku. Majani ya viazi vitamu na ya mronge kiganja kimoja, baada ya wiki ya pili. Majani ya nyanya na ya parachichi ni sumu.

Maji: kila mmoja mililita 300 kwa siku, ongeza wakati wa kaskazi. Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa, kwa sababu hunywa zaidi.

Ukindu
Na wakishafika, kama jirani ana sungura wengine na watoto wanaenda huku na huku?

Ngalawa Nyeupe
Siku 14 za kujitenga. Mikono ioshwe kwa sabuni kila wanapotoka kuwashika, nguo zisiguse banda la jirani. Katika siku hizo angalia pia ngozi ya watoto. Duara jekundu lenye magamba mkononi ni choa, na sungura mwenye mabaka ya upara ndiye ameleta. Wote wawili watibiwe.

Mkipata utitiri wa masikio, yale magamba msiyabandue, chini yake ni nyama mbichi. Dawa ni ivermectin ya sindano, chini ya ngozi, irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Hatari iko kwenye kipimo. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na sungura anahitaji miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo. Hiyo ni mililita 0.02 hadi 0.04 kwa kilo. Sirinji ya mililita 5 haioni kiasi hicho. Mwite afisa wa mifugo aje na sirinji ya insulini.

Mengine mawili ya kumwambia muuza dawa asiyezoea sungura: amoksilini na jamii yote ya penisilini kwa mdomo, hapana, zinaua vijidudu vya tumbo na mnyama anafuata. Na dawa ya viroboto yenye fipronil ya paka na mbwa, hapana.

Upepo wa Kusi
Ukindu, kabla hujalipa waulize watoto pia. Sungura anayetunzwa anaishi miaka 8 hadi 10. Huyo wa miaka 7 atakuwa wa 17.

Ukindu
Tumeambiwa wa jirani wana wiki 5 na siku 3. Tumwambie nini?

Upepo wa Kusi
Mlipe kidogo akuwekee, uchague majike wawili sasa na kuwatia alama ya wino sikioni. Wabaki na mama siku 18 zingine, watimize wiki 8. Siku ya kuwachukua kagua tena kila kitu alichosema Kichwa cha Tenga, jinsia ikiwemo, maana kwa wiki 5 wino wako huenda umetia madume wawili.

Kichwa cha Tenga
Na wino wa kalamu unafutika, mama huwalamba. Pitisha upya kila siku ya tatu.